Nguruwe, Saa ya Mfukoni na Kura ya Myahudi: Fasihi Katika Kampeni za Uingereza

Wanafunzi wa fasihi tumelishwa kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii hadi ikakaribia kupoteza ladha. Sina nia ya kuipinga. Ninachotaka kukitazama katika makala haya ni upande wake wa pili, ambao aghalabu hatuushughulikii madarasani: kwamba mhusika akishaumbwa na mtunzi hodari huweza kutoka kitabuni, akatembea karne kadhaa, kisha akaibuka katika bango la kampeni bila ya aliyelichora kukiri kuwa anamjua. Mfano wangu ni wa Uingereza, nao unahusu namna Wayahudi walivyochorwa na kutajwa katika kampeni za uchaguzi za nchi hiyo.

Huenda msomaji akajiuliza mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu. Mmoja wa wahusika hao tunaye katika maktaba zetu, tena kwa Kiswahili fasaha. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Shylock, Myahudi mkopesha fedha anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake, amesomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki ambao wengi wao hawajapata kukutana na Myahudi hata mmoja.

Tuanze na uchaguzi wa 2005. Januari mwaka huo, chama cha Labour kilichokuwa madarakani chini ya Tony Blair kiliweka hadharani michoro ya mabango ili wanachama wachague yatakayotumika. Bango moja lilionyesha vichwa vya wanasiasa wawili wa chama cha Conservative, yaani chama cha wahafidhina, vikiwa vimepachikwa kwenye miili ya nguruwe wenye mabawa. Wawili hao walikuwa Michael Howard, kiongozi wa chama, na Oliver Letwin, msemaji wake wa masuala ya fedha. Bango jingine lilimwonyesha Howard akiining'iniza saa ya mfukoni mbele ya mtazamaji, mithili ya mtu anayewapumbaza watu ili watende asemavyo, na maneno yaliyoandamana nalo yalihusu matumizi ya fedha. Howard na Letwin wote ni wa asili ya Kiyahudi. Babake Howard alihamia Uingereza kutoka Romania, na nyanya yake alifia katika kambi ya Auschwitz. Michoro hiyo ilitokea katika majuma yale yale ambapo Ulaya ilikuwa ikiadhimisha miaka 60 tangu kambi hiyo kukombolewa.

Malalamiko yalipozuka, Labour kilijitetea kwa hoja ya kiisimu. Waingereza wakitaka kusema kuwa jambo haliwezekani husema kwamba litatokea siku nguruwe watakapopaa, kama sisi tunavyongojea kuku aote meno. Bango lililenga hesabu za bajeti ya wahafidhina. Halikulenga nasaba ya mtu. Hata hivyo, michoro iliondolewa.

Naikubali nahau hiyo, ila naona utetezi wenyewe haukufika mbali. Nahau ni maneno, na maneno hayana sura. Siku nahau inapogeuzwa picha ni lazima ipewe mwili, na hapa mwili ule ulipewa kichwa cha mtu mwenye jina na ukoo. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa ubaya wa kumchora Mwislamu kwa umbo la mnyama huyo; Myahudi naye ameharamishiwa vivyo hivyo na dini yake. Isitoshe, nguruwe ana historia ndefu katika kampeni za Uingereza. Benjamin Disraeli, aliyebatizwa mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 12 na ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa wahafidhina, alizomewa kwa jina la Shylock alipokuwa akiomba kura katika enzi ya ujana wake wa kisiasa, na wapo waliomnyooshea vipande vya nyama ya nguruwe. Alikuwa Mkristo, alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kiingereza cha kupigiwa mfano, lakini kwa wazomeaji hakuacha kuwa Shylock.

Na ile saa je? Wengi waliotoa maoni 2005 walimtaja Shylock au Fagin, yule mzee anayewafunza watoto wizi katika Oliver Twist ya Charles Dickens. Mimi naona yupo mhusika wa tatu aliye karibu zaidi na mchoro ule: Svengali, katika riwaya ya Trilby ya George du Maurier iliyochapishwa 1894, Myahudi anayempumbaza msichana kwa nguvu za macho yake hadi anaimba asichoweza kukiimba akiwa na fahamu zake. Ukimweka Fagin wa mali ya wizi pamoja na Svengali wa macho ya kupumbaza, bango la saa limeshajieleza. Sidai kwamba mchoraji aliwasoma wote wawili. Hakuwa na haja ya kuwasoma, maana wahusika hawa wamekwisha kuwa mali ya umma, kama vile Abunuwasi alivyo kwetu hata kwa asiyejua kusoma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu ambao, katika mijadala yetu ya semina, kila taswira ya chuki inapotajwa hukimbilia swali la nia: je, mtunzi alikusudia? Ajabu ni kuwa wenzangu hao hao humnukuu kwa bidii Roland Barthes aliyetangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Ikiwa mwandishi amekufa tunaposoma shairi, mbona anafufuka tunapolitazama bango? Dickens mwenyewe alilielewa jambo hili kuliko watetezi wake. Mwaka 1863 mwanamke Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia akimlalamikia dhuluma aliyowatendea watu wake kupitia kwa Fagin. Mwanzoni Dickens alijitetea. Kisha akamuumba mzee Riah, Myahudi mwema, katika Our Mutual Friend, na Oliver Twist ilipochapishwa upya 1867 akapunguza mahali pengi alipokuwa akimwita Fagin kwa jina la "Myahudi" tu. Mtunzi alikuwa hai, akaulizwa, akairudia kazi yake kalamu mkononi. Vyama vya siasa havina subira hiyo.

Miaka 10 baada ya mabango ya 2005, upepo uligeuka. Sasa kiongozi mwenye asili ya Kiyahudi alikuwa upande wa Labour: Ed Miliband, ambaye babake, msomi Ralph Miliband, aliingia Uingereza akiwa mkimbizi kutoka Ubelgiji mwaka 1940. Mwaka 2013 gazeti la Daily Mail lilimwelezea baba huyo, aliyekwisha kufariki, kuwa mtu aliyeichukia Uingereza. Mkesha wa uchaguzi wa 2015 gazeti la The Sun, lililowaunga mkono wahafidhina, lilijaza ukurasa wake wa kwanza picha ya Miliband akihangaika kula mkate wenye nyama ya nguruwe, na kichwa cha habari kikaichezea nyama hiyo. Watetezi walisema kichekesho kilikuwa ulaji wake wa kukosa adabu. Pengine. Picha hii naiona kuwa na utata zaidi kuliko ile ya 2005. Lakini ni vigumu kusoma kwamba nyama ile ile aliyonyooshewa Disraeli imejitokeza tena mbele ya kiongozi mwingine wa asili ile ile, ukaridhika kuwa ni sadfa tupu.

Sasa kuna mpigakura mwenyewe. Sensa ya 2021 ilihesabu Wayahudi takriban 271,000 katika England na Wales, yaani nusu tu ya asilimia moja ya watu wote. Kwa hesabu hiyo, taswira za Myahudi katika kampeni hazilengwi Wayahudi. Hulengwa wengine, wale asilimia 99 na zaidi, kwa msimbo ambao walengwa huuhisi bila kuutaja. Myahudi ni msikilizaji ambaye hakualikwa, naye ndiye anayeelewa kila neno.

Husemwa pia, wakati mwingine na wasomi wetu, kwamba Wayahudi wa Uingereza huwapigia kura wahafidhina kwa sababu ya utajiri wao, au kwamba humfuata mtu wa damu yao. Madai yote mawili ni Shylock aliyevaa suti. Wahamiaji maskini wa mashariki mwa London walikuwa nguzo ya siasa za mrengo wa kushoto. Mwaka 1945 eneobunge la Mile End, lenye Wayahudi wengi, lilimchagua Mkomunisti Phil Piratin. Watoto wao walipohamia vitongoji vya kaskazini kama Finchley, wengi walianza kupiga kura kama majirani zao wa tabaka lile, na Margaret Thatcher, mbunge wa Finchley tangu 1959, aliwateua Wayahudi kadhaa katika baraza lake la mawaziri, akiwemo Keith Joseph na Nigel Lawson. Tazama sasa eneobunge la Finchley and Golders Green, ambamo katika sensa ya 2011 takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa Myahudi. Mwaka 2005, Myahudi akiwania uwaziri mkuu kwa tiketi ya wahafidhina, kiti kilibaki kwa Labour. Mwaka 2015, Labour kikiongozwa na mtu wa asili ya Kiyahudi, kilibaki kwa wahafidhina. Nadharia ya damu haiwezi kuyaeleza matokeo hayo.

Lililowahamisha wengi zaidi kutoka Labour lilikuja baadaye, na ajabu ni kuwa kiini chake kimojawapo kilikuwa picha. Mwaka 2012 mchoro wa ukutani ulichorwa mashariki mwa London, ukionyesha wazee wenye fedha wakicheza mchezo wa bao la biashara juu ya migongo ya watu waliopiga magoti. Amri ya kuufuta ilipotolewa, mbunge Jeremy Corbyn alihoji uamuzi huo. Habari hiyo ilipoibuka Machi 2018, Corbyn akiwa kiongozi wa Labour, alisema alijuta kutoutazama mchoro kwa makini, na kwamba ulikuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Kutotazama kwa makini! Sisi tungemrudishia mwanafunzi insha yake kwa kosa hilo. Novemba 2019 rabi mkuu Ephraim Mirvis aliandika gazetini kuhusu hofu ya watu wake kabla ya uchaguzi, na Oktoba 2020 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu iliamua kwamba chama hicho kilivunja sheria katika namna kilivyoyashughulikia malalamiko ya chuki hiyo. Corbyn alidai ukubwa wa tatizo ulitiwa chumvi na wapinzani wake, na akasimamishwa uanachama siku ile ile.

Wahafidhina walishangilia, ilhali nao walikuwa na ya kwao. Riwaya ya Boris Johnson ya 2004, Seventy-Two Virgins, ilifukuliwa mwaka huo wa 2019 ikashutumiwa kwa kuwagusia matajiri wa Kiyahudi wenye vituo vya televisheni. Na tukirudi nyuma zaidi tunafika kwetu. Serikali ya wahafidhina ya Arthur Balfour ndiyo iliyopitisha sheria ya wageni ya 1905, ambayo lengo lake kuu lilikuwa kupunguza Wayahudi waliokuwa wakiwasili kutoka Urusi na Ulaya Mashariki. Serikali hiyo hiyo, kupitia kwa waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, ilikuwa imejitolea mwaka 1903 kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu wakaishi huko. Vitabu vyetu vya historia huita jambo hilo ukarimu. Mkarimu huyo aligawa ardhi isiyokuwa yake kwa wageni aliokuwa akiwafungia mlango wake mwenyewe. Mkutano wa Wazayuni uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905.

Nikirejea kwa Nyerere, sipendekezi Mabepari wa Venisi iondolewe popote. Tamthilia ambamo Shylock anapewa nafasi ya kuhoji kwa nini asilipize kama binadamu wengine ni tamthilia inayojua inachokifanya. Linalonisumbua ni neno "bepari" katika jalada. Neno hili lilitujia kutoka India likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kuwa jina la adui wa mjamaa. Hata hivyo Nyerere alilitia katika wingi, na mabepari wa Venisi wakawa Antonio na wenzake Wakristo pamoja na Shylock, bila ya ubepari kuwa sifa ya Myahudi peke yake. Katika utafiti wangu sijapata swali hata moja la mtihani lililowauliza watahiniwa wetu juu ya wingi huo. Maswali niliyoyasoma huwataka wathibitishe ukatili wa Shylock kwa kurejelea mifano mitano.