Mifumo ya Hospitali Isimfungie Mgonjwa Mlango

Mgonjwa mwenye glakoma anayefungua majibu ya maabara kwenye simu yake huweza kukutana na maandishi ya kijivu juu ya weupe, kitufe kidogo kuliko ncha ya kidole, na alama nyekundu isiyo na maelezo. Humwita mjukuu amsomee. Majibu hayo yakiwa ni ya VVU, siri ambayo daktari ameapa kuilinda huwa imevuja kabla mwenyewe hajaifahamu.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la mafundi wa kompyuta pekee. La hasha, ni la tiba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Wahudumu nao wamo: muuguzi aliyevuka miaka 40 huanza kupoteza uono wa karibu, na tabibu asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kutambua onyo la mzio wa dawa kwa rangi tupu.

Dawa yake ipo. Vitufe, fomu na menyu zilizokwisha kutengenezwa na kujaribiwa kwa ajili ya watu wote zinapatikana, nyingine bila malipo. Kitufe kilichojengwa sawasawa hutajwa jina na programu ya kusoma skrini kwa sauti, na hufikiwa kwa kibodi bila kipanya. Picha iliyochorwa ifanane na kitufe haina sifa hizo mpaka fundi aziongeze moja baada ya nyingine. Daktari wa upasuaji hajisokotei nyuzi za kushonea jeraha, hutumia zilizothibitishwa. Mtengenezaji wa mfumo wa hospitali naye afanye hivyo.

Husemwa kwamba kila hospitali ina rangi na nembo zake. Ni kweli, na vipengele hivyo hurekebishika. Hata hivyo marekebisho, kama dawa, yana kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa W3C unataka tofauti ya ung'avu kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Aidha, ukurasa wa Kiswahili utambulishwe hivyo ndani ya programu yenyewe; la sivyo msomaji wa sauti huenda akatamka jina la dawa na maelekezo yake kwa lafudhi ya Kiingereza, asieleweke.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja teknolojia ya habari na mawasiliano katika ibara ya 9. Kwa hiyo uongozi wa hospitali uweke sharti hili katika zabuni, kabla ya malipo. Jaribio la kwanza halihitaji utaalamu: kipanya kiwekwe kando, kisha mhudumu ajaribu kumsajili mgonjwa kwa kibodi pekee. Akikwama, mfumo urudishwe kwa mtengenezaji. Na mgonjwa asiyeweza kusoma majibu yake aseme waziwazi, kwani kusoma majibu yake mwenyewe ni sehemu ya matibabu anayostahili.