Spana ya toki ya mtumba ipimwe kabla ya kuaminiwa

Fundi anayenunua spana ya toki ya kidijitali iliyokwisha kutumika hajakosea. Mpya ni ghali, na gereji nyingi za mitaani bado zinakaza nati za magurudumu kwa nguvu za mkono na urefu wa bomba. Kati ya kukisia na kupima, sisi tuko upande wa kupima. Lakini kioo cha spana kinaweza kuonyesha nyutonimita 103 huku nati imekazwa 85, na gari likaondoka hivyo hivyo na abiria ndani.

Spana hii inapima kwa kihisi kilichobandikwa kwenye chuma. Chuma kikipinda kidogo mno, kihisi hutoa ishara ya umeme, nayo hugeuzwa kuwa namba. Ikiangushwa sakafuni, ikitumiwa kufungulia nati zilizoshika kutu, au ikiongezewa bomba kupita uwezo wake, chuma hicho huenda kisirudi kilipokuwa. Taa itawaka kama kawaida na namba zitatoka kama kawaida. Muuzaji naye hana historia ya kukupa.

Kwanza angalia imewekwa kwenye kipimo gani. Nati za magurudumu za Toyota Corolla nyingi hukazwa nyutonimita 103, ambazo ni sawa na kilo-mita 10.5 au futi-pauni 76. Mwenye spana wa zamani akiwa ameiacha kwenye futi-pauni, nawe ukaweka 103, umekaza karibu nyutonimita 140. Stadi zinavutika, na siku ya pancha mwenye gari hawezi kufungua. Tazama pia kama vistari vyote vya kioo vinawaka, maana 8 iliyopoteza kistari kimoja husomeka 6, 9 au 0. Fungua sehemu ya betri. Ikiwa na ukungu wa kijani, iache spana hiyo.

Halafu ipime, na hili fundi yeyote analiweza. Bana bolti kubwa kwenye jiliwa ikiwa imelala, weka soketi na spana, mpini ukae sawa na sakafu, kisha washa ili ianze kwenye sifuri. Jaza ndoo maji mpaka ifike kilo 20 kwenye mizani ya duka iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Itundike kwenye mpini, sentimita 40 kutoka katikati ya soketi, upande wa kukaza. Spana isome takriban nyutonimita 78.5. Ikisoma kati ya 75 na 82, una kifaa cha kazi. Ikisoma 65 au 95, usiikaribishe kwenye silinda hedi ya mtu.

Hata ikifaulu, ina mipaka yake. Spana ya nyutonimita 200 haifai kukazia plagi inayotaka 20. Nyingi huaminika kuanzia asilimia 20 ya uwezo wake, yaani 40 kwa hiyo ya 200. Shika katikati ya mpini, vuta polepole, na usiitumie kufungulia.

Jaribio la ndoo linakuonyesha spana mbovu, lakini si cheti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaelekeza kwamba, pale mtumiaji asipokuwa na utaratibu wake, kifaa kipimwe upya kila miezi 12 au baada ya kukaza mara 5,000. Fundi wa Tunduma atakipeleka wapi? Maabara ya ugezi, yaani ya vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ipo, kama ilivyo ya KEBS kwa wenzetu wa Kenya, lakini hawezi kufunga gereji akasafirisha spana moja mpaka Dar es Salaam.

VETA ina vyuo mikoani na inafundisha ufundi magari. Tunaiomba iweke kipima toki katika vyuo hivyo, TBS ikihakiki, na milango iwe wazi kwa mafundi wa mitaani kwa ada wanayoimudu. Na wewe mwenye daladala, kabla hujalipa, muulize fundi nati zako amezikaza kwa toki ngapi, na spana yake ilipimwa lini.