Tone la dawa ya macho huenda wapi?

Mtazame mtu anayejitia dawa ya macho. Sehemu ya tone humwagika shavuni, na ile iliyobaki nayo haikai. Jicho halina nafasi ya kuhifadhi tone zima. Kila tunapopepesa kope, machozi huisukuma dawa hadi kwenye kijitundu kilicho pembeni mwa jicho, upande wa pua, ikateremka mpaka kooni. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba dawa ya macho ina uchungu mdomoni! Wataalamu hukadiria kuwa inayopenya ndani ya jicho haifiki asilimia 5.

Kwa mtoto aliyeingiwa na vumbi, hilo si neno. Kwa mgonjwa wa glakoma, au presha ya macho kama wengi wanavyoiita, ni jambo kubwa. Mara nyingi maji yaliyo ndani ya jicho hushindwa kutoka inavyostahili, msukumo ukapanda na kuua polepole neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Nuru iliyopotea hairudi. Na kwa kuwa kwa kawaida hauumi, nyanya husahau matone yake, au huyaruka siku mbili ili chupa ifike mwisho wa mwezi.

Wahandisi wamehangaika na shida hii kwa miaka mingi. Mnamo 1974, kampuni ya Alza ya California ilipata idhini Marekani ya kuuza Ocusert, kijisahani cha plastiki laini kilichowekwa chini ya kope kikatoa dawa ya pilokapini kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ulikuwa ubunifu wa ajabu, lakini haukudumu sokoni. Wakati mwingine kilianguka bila mwenyewe kujua, na dawa ya wiki ikapotelea kitandani.

Mnamo 2020 Marekani iliidhinisha Durysta, kijiti kidogo kuliko punje ya mchele ambacho daktari hukiingiza kwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Kimetengenezwa kwa vitu vya jamii moja na zile nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Kadiri kinavyoyeyuka ndivyo kinavyoachilia dawa, kwa miezi kadhaa. Hapana kusahau, hapana kumwagika. Hata hivyo, kilipoidhinishwa kiliruhusiwa kutiwa mara moja tu katika kila jicho, kwa hofu ya kudhuru kioo cha mbele.

Kwa wengi wetu, basi, chupa ingali ndiyo dawa. Ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole ile pembe ya karibu na pua kwa dakika mbili. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika tano. Na ukipewa timololi ilhali una pumu, mwambie daktari kabla ya kuitumia, kwani ikiingia kwenye damu yaweza kukubana kifua.