Trekta Lisilo na Taa si Zima

Katika madaftari ya mali ya umma yamo maneno mawili yanayotutia mashaka: "Linafanya kazi." Maneno hayo hutiwa saini na watumishi wenye heshima zao, wakiwemo wakuu wa shule na maofisa wa kilimo, kando ya namba ya trekta ambalo taa zake za mbele haziwaki tangu misimu kadhaa iliyopita, taa ya nyuma imebaki tundu, na mishale ya geji imelala kama iliyokata roho. Ni kweli trekta hilo huwashwa na kulima. Lakini sisi tunasema kwamba trekta la namna hiyo si zima, na anayeandika kuwa ni zima ameidhinisha hasara kabla hasara yenyewe haijatokea.

Tangu Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, la mwaka 1972, nchi yetu imeyapokea matrekta ya kila aina. Baadhi ya yale ya zamani, kama Massey Ferguson 135 lililoanza kutengenezwa nchini Uingereza mwaka 1964, yangali shambani hadi leo. Injini zake za silinda tatu zimevumilia mengi. Kilichochoka ni waya, zilizokaushwa na jua, kutafunwa na panya, na kuungwaungwa na kila aliyepita na koleo mkononi.

Wapo wanaodhani kwamba geji ni pambo. Mkanda wa feni ukikatika, au rejeta ikivuja, ni mshale wa joto unaompa dereva nafasi ya kuzima injini mapema. Asiyekuwa nao hungoja kuona mvuke, na wakati huo huenda silinda hedi imekwisha kupinda. Presha ya oili ikianguka, dakika chache zinatosha kuziua beringi. Tena ipo geji ya saa za injini, ambayo hudharauliwa kupita zote, ingawa oili hubadilishwa kwa hesabu ya saa hizo. Ikifa, oili hubadilishwa mtu anapokumbuka. Mwalimu gani angekubali kuendesha darasa bila daftari la mahudhurio?

Habari ya taa ni nzito zaidi, kwa sababu hapo kinachopotea si chuma. Trekta hurudi kutoka shambani wakati wa magharibi likivuta tela la magunia, na juu ya magunia wameketi vibarua, pengine na wanafunzi. Nyuma yake linakuja basi. Dereva wa basi haoni kitu mpaka amekaribia mno. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya mabasi na malori peke yake.

Na matengenezo yenyewe si makubwa. Fundi mwangalifu huanza kwenye betri, akifungua kwanza ule waya uliofungwa kwenye mwili wa trekta, ili spana ikigusa chuma isilete cheche. Husugua vichwa vya betri kwa msasa, kisha hukagua pale waya za taa zinapofungwa kwenye chuma. Mara nyingi taa iliyohukumiwa kuwa imekufa ni nzima kabisa, ila kutu imeunyima umeme njia ya kurudi. Geji ya joto inayotumia umeme nayo hupimika: waya wa kihisio ukichomolewa na kuguswa kidogo kwenye chuma huku swichi imewashwa, mshale ukiruka, geji ni nzima na kasoro iko kwenye kihisio. Asifanye kama wale wanaoziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya zisiungue. Aliyeiondolea kazi hiyo ameliweka trekta zima rehani kwa bei ya fyuzi.

Kwa nini basi mambo haya hayafanyiki? Tusiwasingizie madereva. Dereva anayeripoti balbu iliyoungua huambiwa asubiri kifungu cha fedha, na akiripoti mara ya pili huonekana msumbufu. Injini ikifa, fedha hutafutwa na kamati huundwa. Kwa balbu hakuna anayeunda kamati, nayo husubiri hati za bei kutoka maduka matatu.

Kuna na jambo la aibu kwa upande wa shule. Mwalimu wa fizikia huchora ubaoni betri, swichi na balbu, wanafunzi wakanakili, wakafanya na mtihani. Hatua chache nyuma ya darasa lipo trekta la shule lenye betri, swichi na balbu, na taa yake ya nyuma haiwaki kwa ajili ya waya mmoja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kuuvunja ukuta wa namna hiyo.

Kabla ya mvua za msimu ujao, kila mkuu mwenye trekta chini ya dhamana yake aamuru liletwe mbele ya ofisi saa moja jioni. Liwashwe. Azunguke mbele na nyuma, apande kitini atazame mishale, ndipo afungue daftari na kuandika alichokiona.