Jina la Mcheza Dansi



Tarehe 13 Desemba 2021, mahakama ya rufaa ya Versailles, nchini Ufaransa, ilimpa mwimbaji Koffi Olomidé kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kosa la kuwazuilia wanawake wanne waliokuwa wakicheza dansi katika kundi lake. Mashtaka yalihusu miaka ya 2002 hadi 2006, walipokuwa wamekaa viungani mwa Paris. Mwimbaji alikana, na mahakama hiyo ilimwondolea mashtaka ya kingono. Lakini kwamba wanawake wale walinyimwa uhuru wao, ilitamka wazi. Kesho yake, tarehe 14, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Habari ya pili tuliishangilia, tena kwa haki. Ya kwanza tuliiacha ipite kana kwamba ni shauri la mtu mmoja na mawakili wake.

Kwangu habari hizo mbili ni za nyumba moja. Ikiwa rumba ni yetu, wale wanawake wanne nao ni wetu. Mtu hawezi kurithi shamba na kukataa madeni yake.

Tuangalie jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Mwanamume mwenye fedha, awe mfanyabiashara au mwanasiasa, humlipa mwimbaji ili jina lake litajwe katikati ya wimbo. Ndiyo ile desturi inayoitwa kwa Kilingala libanga, yaani jiwe. Wimbo mmoja huweza kubeba majina mengi ya namna hiyo. Wakati huohuo, mbele ya kamera, wasichana hucheza sebene mpaka jasho liwatoke, na hakuna hata mmoja anayetajwa. Mwanamume hununua jina. Msichana hutoa mwili wake bila jina. Kamera yenyewe imekwisha kufundishwa: kwa mwanamume hutafuta uso na saa ya mkononi, kwa mwanamke hutafuta kiuno. Nasi tunaotazama tumefundishwa pamoja nayo.

Mwezi wa Julai 2016, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, picha za video zilimwonyesha mwimbaji huyohuyo akimpiga teke mwanamke wa kundi lake. Kenya ilimfukuza nchini. Kinshasa ikamweka kizuizini siku chache, kisha ikamwachia. Mwaka 2020 alisikika tena katika wimbo mkubwa pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na Afrika Mashariki nzima ikacheza. Mtoto anayeona hayo hujifunza somo bila mwalimu: teke halimpunguzii mwanamume mkubwa kitu.

Na sisi Wakristu, je, tulisema nini? Tulisema sana, lakini juu ya jambo jingine. Tulisema juu ya sketi. Katika parokia zetu, kila muziki wa dunia unapotajwa, mahubiri huishia kwenye mavazi ya wasichana: ni fupi, yanabana, yanawakwaza wanaume. Mavazi yana adabu yake, nami sibishi. Lakini mbona macho yetu husimama kwenye sketi, hayapandi mpaka kwa mkono ulioichagua, ukailipia na kumwambia msichana kwamba asipoivaa yuko mwingine anayengoja nafasi yake? Tunamhukumu mwajiriwa, tunamwachia mwajiri. Huo si utetezi wa usafi wa moyo. Ni dharau ileile ya studio, iliyovaa joho la kanisa.

Dharau hiyo haiishii jukwaani. Inafika mpaka ngozini. Katika video nyingi msichana anayewekwa mbele ni mweupe kuliko wenzake, na binti zetu wanajua kuhesabu. Basi vibandani, kuanzia Kadutu hadi Nyawera, mafuta na sabuni za kujichubua vinanunuliwa. Ndani ya baadhi ya vitu hivyo mna haidrokwinoni, au zebaki, au dawa za kotikosteroidi ambazo daktari huziandika kwa hadhari na kwa siku chache. Zebaki huharibu figo. Kotikosteroidi, zikipakwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba na kidonda kuwa kigumu kupona. Ng'ambo ya Ruzizi, mwanzoni mwa mwaka 2019, Rwanda iliwatuma askari wake kuyaondoa mafuta hayo madukani. Tunaweza kuwaomba wakubwa wetu wafanye vivyo hivyo. Lakini nani atamwondoa yule shangazi anayemsifu bibi arusi kwa kuwa «ameng'aa», au yule baba anayetaja rangi ya binti yake siku ya kuzungumza mahari?

Wako watakaojibu: wanawake wenyewe wanapenda. Wanakwenda kwa miguu yao kuomba nafasi katika makundi. Wananunua mafuta kwa fedha zao. Jibu hilo ni jepesi mno. Msichana aliyeona kwamba mlango unafunguliwa kwa weupe na kwa kiuno, akaingia kwa mlango huo, hakuujenga yeye. Ukitaka kujua anachopenda, mfungulie mlango wa pili, kisha umwulize.

Wengine watasema kwamba muziki wetu ndivyo ulivyo tangu zamani. Hapana. Mpongo Love aliugua polio utotoni, ikamwacha na ulemavu wa miguu. Hata hivyo nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza, kwa sababu ya sauti yake. Abeti Masikini aliimba katika ukumbi wa Olympia, mjini Paris, mwaka 1973, yeye akiwa mbele na wapigaji nyuma yake. Urithi tunaojivunia unao wanawake wenye majina.

Tusingoje serikali itufanyie kazi hii. Mwaka 1978 ilimfunga Franco kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu. Novemba 2021 tume ya udhibiti ilizuia wimbo wa kundi la MPR uliolalamikia maisha magumu ya wananchi. Sikio la dola ni kali kwa maneno machafu, na kali zaidi kwa maneno yanayowagusa wakubwa. Mwanamke anapoimbwa kama bidhaa, sikio hilo linalala.

Sisi wa Bukavu hatuna ruhusa ya kulala. Katika mji huu, tangu mwaka 1999, hospitali ya Panzi inawapokea wanawake ambao miili yao ilifanywa uwanja wa vita. Dunia ilimpa Daktari Mukwege tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Sisemi kwamba wimbo ni sawa na bunduki. Nasema kwamba anayebaka ameamini kwanza kuwa mwanamke ni kitu cha kuchukuliwa, na kwamba imani hiyo haifai kuimbwa katika karamu zetu, saa mbili baada ya Misa ya ndoa.

Kila tarehe 1 Desemba tunamkumbuka Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kumkatalia ofisa wa waasi aliyemtaka kwa nguvu. Tunawafundisha wasichana ujasiri wake. Ni lini tuliwafundisha wavulana dhambi ya yule ofisa?

Naomba basi mambo matatu. Katika mafundisho ya ndoa, wachumba wachague wenyewe nyimbo za karamu yao, maneno yakisikilizwa na kueleweka kwanza, hasa yale ya Kilingala tunayoyacheza bila kuyafahamu. Katika vikundi vya vijana, somo la heshima ya mwili litolewe kwa wavulana kabla ya wasichana. Na nyumbani, neno la kusifu weupe wa mtoto likome, kwa sababu mwenzake mweusi aliyeketi kando amelisikia.

Mungu alimwonya Samweli asitazame sura wala kimo. Onyo hilo hakulitoa kwa wanawake ili wajifiche. Alilitoa kwa mwanamume aliyekuwa anatazama.