Karatasi ya Fundi wa Stima



Jumatatu iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja alibakia nyuma mpaka wenzake wakaondoka. Akasimama mlangoni, akaniuliza: "Shekhe, mume wangu yuko Ghuba, na kila mwezi hutuma kitu cha kujengea. Sasa tumefika kwenye stima. Fundi aniambia mambo ya leseni na cheti ni ya kutafutia watu pesa tu, yeye atanifungia nyumba nzima kwa nusu ya bei. Nikimkubalia, nina makosa? Au haya ni mambo ya dunia, hayana uhusiano na dini?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, kwani magharibi ilikuwa imekaribia. Leo namjibu kwa urefu, na naomba radhi mapema kwa kuwa jawabu langu laanzia nyumbani kwangu, tena mahali ambapo mimi mwenyewe sikupendeza.

Mwaka juzi binti yetu mkubwa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kama ilivyo ada yetu, alikuwa aje kujifungua kwetu na akae arubaini yake kwa mamake. Nyumba yetu ni ndogo, hivyo nikaamua kuongeza vyumba viwili na bafu juu ya sakafu ya saruji, kwa nia kwamba mzazi akishatoka arubaini, vyumba vipangishwe. Kwa ajili hiyo nilitaka vyumba vya juu viwe na mita yake mbali. Fundi niliyempa kazi ya umeme alikuwa kijana wa mtaani, mpwa wa jirani yetu, mwenye adabu na mkono mwepesi. Sikumuuliza leseni. Nilimuuliza bei. Mimi ambaye kila nikiozesha huuliza walii ni nani na mashahidi ni akina nani, mtu wa kunitilia moto ndani ya kuta sikumuuliza lolote.

Kwa siku tisa alimaliza kazi. Alivuta waya kutoka chini akatuwashia taa za juu, na kila mtu akafurahi. Nilipokwenda kuomba mita ya pili ndipo nilipoambiwa, pamoja na nakala ya kitambulisho na namba ya PIN ya kodi, nilete cheti cha kukamilika kwa kazi, kilichotiwa sahihi na mkandarasi wa umeme mwenye leseni, kuonyesha kuwa kazi ile imepimwa na iko salama. Yule kijana hakuwa na uwezo wa kutia sahihi ile. Lakini alikuwa na njia. Akaniambia: "Shekhe, usijisumbue. Yuko bwana mmoja ana leseni. Ukimpa kitu kidogo atia sahihi, wala hana haja ya kuja. Mpigie picha tu umtumie."

Miezi tisa ilikuwa yakaribia kutimia, na mimi nilikuwa na haraka. Nilikwisha kuichukua simu. Mama watoto alikuwa ameketi mkekani akikunja nguo za mtoto, akaniuliza bila ya kuinua kichwa:

"Bwana, huyo mtu atashuhudia kuwa amekagua?"

"Ndiyo."

"Na hajakagua?"

"Hajakagua."

"Basi wamlipa mtu ashuhudie asichokiona."

Akaendelea kukunja nguo. Nami miaka yote hii nimekuwa nikipanda mimbari kuonya juu ya ushahidi wa uongo, nikitaja mahakama na mirathi na mipaka ya mashamba. Haikunijia hata siku moja kuwa cheti cha umeme ni ushahidi vilevile, tena wa kitu ambacho mzazi na kichanga watalala chini yake. Niliiweka simu.

Tulimpata mkandarasi mwengine. Safari hii nilimuuliza namba ya leseni, tukaitafuta katika orodha ya EPRA, ambayo ni mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na mafuta ya petroli, na jina lake tukalikuta. Alikuja na mkoba wa vipimo na kijana mmoja wa kumsaidia, akashinda kutwa. Na alichokikuta nitakieleza kwa utuvu, kwa sababu hapa ndipo ilipo faida ya makala haya.

Kwanza, lile bomba la maji ya moto bafuni, linalopasha maji hapo hapo yanapopita, lilikuwa limeungwa kwenye waya uleule wa soketi. Hesabu yake ni nyepesi. Kifaa kile kiliandikwa wati 5,400, na umeme wa majumbani kwetu ni volti 240. Ukigawa wapata ampia 22 na nusu. Plagi yetu ya kawaida ya miguu mitatu ni ya ampia 13. Waya wa soketi, ule ambao mafundi huuita wa 2.5, haukuwekwa kubeba mzigo huo pamoja na pasi na friji juu yake. Bomba kama lile lataka waya wake peke yake, mnene zaidi, kutoka kwenye kisanduku cha swichi, na swichi yake yenyewe. Na huyu mzazi wetu, tujuavyo sote, arubaini nzima ni maji ya moto asubuhi na jioni.

Pili, viungo vya waya juu ya dari vilikuwa vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Sisi twaishi karibu na bahari. Hewa yetu yala mabati, yala misumari, yala na shaba. Kiungo kilicholegea kikiingia kutu huwa chapata joto polepole, na moto wake hauonekani mpaka siku utakapoonekana.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Kila nyumba yapasa kuwa na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni hii: waya wenye moto ukigusa mwili wa chuma wa friji au wa bomba, umeme upate njia nyepesi ya kurudi, ili swichi ikate papo hapo kabla ya mtu kuwa yeye ndiye njia. Waya huo hufungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ardhini. Mkandarasi alichomeka kipimo chake, akatikisa kichwa, akatoka nje hadi kwenye nondo. Akaishika kwa mkono mmoja, akaivuta. Ikatoka, kama vile mtu ang'oapo muhogo kwenye mchanga. Urefu wake ulikuwa dhiraa moja, ilhali ilipaswa kuwa na futi nne. Kijana wetu alipoipiga alikutana na jiwe la matumbawe, kwani mji wetu wote umekaa juu ya jiwe hilo, basi akaikata kwa msumeno na kuifukia kichwa. Kwa nje ilikuwa nondo kamili. Hakuna picha ya simu ambayo ingeonyesha kuwa chini hakuna kitu.

Yule wa sahihi ya picha angeandika kuwa ethi ni nzuri.

Mkandarasi alitafuta mahali pengine nyuma ya nyumba, karibu na yanapopita maji, palipo na udongo laini na unyevu, kwa sababu ardhi kavu ya mchanga haipokei umeme vizuri. Akapiga nondo mbili, akaziunganisha, akapima tena. Akabadilisha waya wa bomba, akafanya viungo upya ndani ya visanduku vyake, na akatia swichi ya kinga inayokata pale umeme unapovuja hata kwa miliampia 30, kiasi ambacho chaweza kutangulia kabla ya moyo wa mtu kudhurika. Swichi ile ina kitufe kidogo cha majaribio. Dada zangu, ikiwa mnayo nyumbani, kibonyezeni kila baada ya miezi michache. Isipokata, mwiteni fundi.

Yote haya yalichukua zaidi ya wiki moja, na pesa nilizodhani nimeziokoa zikatoka pamoja na nyengine juu yake. Mjukuu hakusubiri. Alizaliwa kabla ya mita kuja, mamake akakaa chumbani kwetu, nami nikalala ukumbini siku kumi na mbili nikihesabu mbu. Kisha watu wa umeme wakaja, wakatazama cheti, wakatazama na kazi yenyewe, na mita ikafungwa.

Sasa nirudi kwa dada yangu wa darsani. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka kazi ya umeme wa nyumba ifanywe na mwenye leseni, na asiye nayo akiifanya ametenda kosa. Zipo karatasi mbili, usichanganye. Moja ni ya fundi mwenyewe, kuthibitisha ujuzi wake. Ya pili ni ya mkandarasi, anayechukua kazi kwa jina lake na kuidhamini. Leseni hizo zina madaraja, kwa hivyo muulize kama daraja lake lafika nyumba ya ukubwa wa yako. Na utazame tarehe ya mwisho. Leseni huisha. Kijana asiye na leseni aweza kufanya kazi chini ya usimamizi wa aliye nayo, na ndivyo vijana wanavyojifunza. Sisemi tuwafukuze. Yule mpwa wa jirani yetu nilimuombea nafasi kwa mkandarasi yuleyule, na hivi sasa yuko katika kujifunza.

Kabla ya hapo kuna ruhusa ya kaunti kwa jengo lenyewe au nyongeza yake. Wengi wetu twairuka, kisha twashangaa alama nyekundu ukutani. Na wenye nyumba katika Mji wa Kale, Mombasa na Lamu, wao wana jambo la ziada, kwani sehemu hizo zimehifadhiwa. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kuta zile za mawe na chokaa na dari za boriti si za kuchimbwa mifereji ya waya ovyo. Uliza kwanza kwa wahifadhi.

Wewe uliye peke yako nyumbani, kuwa mumeo yuko mbali si sababu ya kudanganywa. Weka miadi ya ukaguzi wakati ndugu yako au mzee wa jirani aweza kuwapo, na uombe kuona kitambulisho cha kazi kabla mtu hajavuka kizingiti. Usione haya kusimama na kuuliza: hiki ulichopima kimekupa namba gani? Iandike. Piga picha za waya ukutani kabla plasta haijapigwa, umtumie mumeo na uhifadhi moja, maana siku ya kutoboa ukuta kutundika rafu utaihitaji. Mapatano na yaandikwe, na yaseme kuwa malipo ya mwisho hutolewa cheti kikiwa mkononi, na kwamba ukaguzi ukirudishwa kwa kosa la fundi, gharama ya kurekebisha ni yake. Na kama nyumba ni yako wewe, mita na iwe kwa jina lako. Nimeona wajane wakihangaika na mita zenye majina ya watu waliokwisha kuzikwa.

Ama hukumu uliyoiuliza, mafaqihi wameizungumza kwa mlango wa tabibu: mtu akijitia kutibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, akamdhuru mgonjwa, huyo ni mdhamini. Kila aingiaye katika kazi ya hatari bila ya kuijua hupimwa kwa mizani hiyo. Naye mwenye nyumba anayejua kuwa fundi hana elimu, akamwachia kwa kuwa ni rahisi, sioni vipi atajitoa kabisa, hasa akiwa ana wapangaji. Anayelipa kodi ya chumba amelipa pia ili asipigwe na umeme bafuni. Na kumpa mkaguzi "chai" ili afumbe macho ni rushwa, haigeuki kwa kuitwa jina jengine.

Nisije nikaonekana nawasema akina mama peke yao. Ramadhani iliyopita nilihesabu feni sita, vipaza sauti na birika la chai juu ya waya mmoja wa kurefushia katika msikiti ninaousalisha. Kamati imeahidi. Nami nawakumbusha kila Ijumaa, hadi katibu ameanza kunikwepa.

Dada yangu alimtuma mwanawe jana na nakala ya leseni ya fundi mpya aliyempata. Jina ni sawa, daraja latosha, ila tarehe imepita kwa miezi minne. Nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia mtoto aipeleke.

Wiki ijayo, inshallah, tutaangalia swali la aliyeuliza juu ya zaka ya dhahabu iliyowekwa rehani. Wassalamu alaykum warahmatullah.