Jina la Malaika na Tabia ya Samaki

Msomaji, kuna usemi mmoja ambao napenda kuupinga. Watu husema kuwa samaki ni samaki. Wape maji na chakula, nao watakaa pamoja kwa salama. Usemi huu husikika madukani, na kutoka huko huingia shuleni pamoja na tangi la kioo linalowekwa kandokando ya darasa. Ni mwepesi kutamka, lakini gharama yake hulipwa na viumbe wasioweza kulalamika.

Mtazame samaki aitwaye malaika. Huyu si kitatange wa miamba ya bahari yetu. Kwao ni mto Amazon na vijito vyake, katika Amerika ya Kusini. Mwili wake ni mwembamba kama sahani iliyosimamishwa, na mapezi yake ni marefu kama mabawa. Kwa umbo hilo alipewa jina, na kwa jina hilo watu wakamdhania upole. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Malaika ni wa jamaa moja na perege wa maziwa yetu, na desturi yake ni kumeza kila kiumbe anayeenea kinywani mwake. Tetra wa neoni, mwenye mstari wa buluu unaong'aa, ana urefu wa sentimeta 3 au 4 tu; malaika mzima aweza kufika sentimeta 15. Je, awawekaye pamoja ameweka majirani, au ameweka mlaji na chakula chake?

Mtetezi atanijibu, "Wangu wamekaa miezi mitatu bila ugomvi." Namsadiki. Malaika huuzwa akiwa mdogo kama sarafu, na mdogo hana kinywa cha kumeza mwenziwe. Amani hiyo ni ya utoto, si ya tabia. Atasema tena kuwa aliyeshiba hadhuru. Basi na amtazame kuku aliyeshiba mtama, panzi anapomrukia mbele: humwacha?

Tena usidhani malaika ni mdhulumu siku zote. Yuko samaki mdogo wa Asia, aitwaye kwa jina la simbamarara kwa ajili ya milia yake, ambaye hupenda kudonoa mapezi marefu. Akitiwa pamoja na malaika, dhuluma hugeuka upande. Hata pasipo na meno, maji yenyewe yaweza kuwa ugomvi. Malaika hupendelea maji laini yenye uvuguvugu, kiasi cha nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Malawi wamezoea maji magumu yenye alikali nyingi. Ukiwakusanya, hapana budi mmoja aishi katika maji ya mwingine.

Yafaa nini basi? Mpe malaika tangi lenye kimo, lisilopungua lita 100 kwa jozi moja. Mpe jirani kama kambare wadogo wa Corydoras, watafutao riziki chini mchangani, na tetra wakubwa wenye mwili mpana na tabia ya utulivu. Uache na nafasi ya kukimbilia, kwa maana jozi ikitaga mayai juu ya jani, hulinda makao yake kwa ukali.

Labda utasema kuwa haya ni mambo madogo ya watu wenye nafasi. Litazame Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alianza kutiwa humo kwa nia ya kuongeza mavuno. Mavuno yaliongezeka, na fedha zikapatikana. Lakini ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wasiopatikana pengine duniani, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Sangara hakuwa sababu peke yake, ila alikuwa sababu kubwa. Waliomtia walijua uzito wake mizanini. Hawakuzingatia vya kutosha nani angeliwa.

Kijana msomaji, tangi la shule ni ziwa dogo lililo chini ya amri yako. Kabla hujanunua, usiulize tu, "Yupi mzuri?" Uliza atakuwa na ukubwa gani, hula nini, na maji ya kwao yakoje. Asiyeweza kuuliza hayo mbele ya tangi, kesho asipewe ziwa.